Nani Analipa? Almasi, Kamari na Meza za Matajiri

 Sogeeni karibu na redio. Wenye daftari wafungue ukurasa mpya, na kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno mawili: ALMASI na MEZA. Chini yake aandike swali hili fupi: Nani analipa? Swali hilo lisifutwe mpaka mwisho wa somo, maana tutalirudia mara kwa mara.

Leo tutasoma historia ya chakula. Msicheke. Chakula kina historia kama vita na wafalme walivyo na historia. Lakini sitasema habari za chakula cha kila siku, bali cha namna moja tu: chakula cha jioni cha matajiri katika miji ya kamari, ambako watu husafiri mbali ili wapumzike, wale vizuri na kucheza kwa fedha. Mtaniuliza, habari hizo zatuhusu nini sisi wa Kishapu? Subirini. Tutaanzia hapa hapa nyumbani.

Wengi wenu mwaijua Mwadui. Ukipita Maganzo waona vilima vya udongo uliotolewa chini na kuoshwa. Mwaka 1940 mtu wa Kanada, Bwana John Williamson, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa mwaka 1907, aligundua almasi mahali hapo. Alikuwa ametafuta kwa miaka mingi, huku homa ya malaria na madeni vikimwandama. Mwaka 1942 aliunda kampuni, na mgodi ukawa mkubwa hata ukajulikana dunia nzima.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1947 likapatikana Mwadui jiwe lenye rangi ya waridi, la karati 54.5. Karati ni kipimo cha vito, na karati 5 ni gramu moja. Pigeni hesabu: jiwe hilo halikufika hata gramu 11. Ukiliweka kiganjani hulisikii. Bwana Williamson alilitoa zawadi ya arusi kwa binti wa Mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliyeolewa Novemba mwaka huo na baadaye akawa Malkia. Jiwe lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwaka 1956 mdogo wake, Margaret, alikuja mwenyewe kuuona mgodi.

Sasa nawauliza: jiwe kama hilo huvaliwa wapi? Havai mtu shambani, wala sokoni, wala akienda kisimani. Huvaliwa usiku, taa zimewashwa, mbele ya watu wanaotazamana. Kwa miaka mingi mahali pa kutazamana hivyo palikuwa mezani. Hivyo almasi na meza ni ndugu, na ndiyo maana nimeyaweka ubaoni pamoja.

Tuangalie kwanza meza yetu wenyewe. Usukumani chakula huja chote pamoja. Ugali wa mtama umewekwa katikati, mlenda upo, maziwa yapo, na wakati wa kiangazi pengine ni michembe au matobolwa. Watu hunawa, mkubwa huanza, wote hula katika chombo kimoja. Mgeni akitokea, nafasi hupatikana, maana hakuna aliyehesabu sahani.

Huenda mkashangaa kusikia kwamba matajiri wa Ulaya nao walikula karibu namna hiyo hapo zamani. Katika nyumba za wakuu wa Ufaransa vyakula vingi viliwekwa mezani kwa mara moja, nyama, samaki, mikate ya nyama na mboga, kisha kila mtu akala kilichokuwa karibu naye. Aliyekaa mbali na bata wa kuchoma alimtazama tu. Chakula kilipoa, lakini meza ilipendeza, na mwenye nyumba alionekana ana mali.

Katika karne ya 19 ikaenea desturi nyingine, iliyoitwa desturi ya Kirusi. Vyakula havikuwekwa tena pamoja. Vilikuja kimoja kimoja kutoka jikoni, vikiwa moto, na kila mlaji akawa na sahani yake, kisu chake, uma wake na bilauri yake. Kikiisha kimoja, sahani huondolewa, kingine huja. Hapa ndipo zilipotoka zile uma nyingi zinazomtisha mgeni. Mimi mwenyewe nilipoketi mara ya kwanza katika hoteli kubwa, meza ilikuwa imeandikwa kwa visu vitatu na uma tatu, na nikamwangalia jirani yangu kama mtoto anayeiga hesabu. Baadaye nikatambua kwamba naye alikuwa ananiangalia mimi. Siri yake ni ndogo: huanza na kifaa cha nje na kwenda ndani, kila chakula na kifaa chake.

Lakini angalieni jambo lililobadilika. Katika desturi mpya, chakula cha mtu mmoja kilianza kuhesabika. Sahani yaweza kuhesabiwa, na kitu kinachohesabika chaweza kutiwa bei. Tena kila mlaji alihitaji mtu wa kumletea na mtu wa kumwondolea. Chakula cha watu ishirini kilitaka watumishi wengi, na hao walisimama nyuma ya viti wakingoja. Hawakuketi.

Sasa tuhame. Tutoke Usukumani, tuvuke bahari, tufike pwani ya kusini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia. Hapo ipo nchi iitwayo Monaco. Ukubwa wake hata leo ni kilomita za mraba 2 na kidogo tu. Mtu akiondoka asubuhi kwa miguu, huikata yote kabla jua halijawa kali. Wako wafugaji hapa kwetu ambao malisho yao ni makubwa kuliko nchi hiyo.

Nchi hiyo ilikuwa maskini. Mwaka 1861 mtawala wake, Charles wa Tatu, alikubali miji miwili, Menton na Roquebrune, iende kwa Ufaransa, naye akalipwa faranga milioni 4. Miji hiyo ndiyo iliyokuwa na mashamba ya ndimu na zeituni. Zilipoondoka, ilibaki miamba na bahari. Mtawala angeishi kwa nini? Tayari alikuwa amejaribu kuanzisha nyumba ya kamari, maana Ufaransa wakati huo ilikataza kamari za namna hiyo, naye alitumaini kwamba matajiri wa Ufaransa wangemjia. Hawakuja. Barabara ilikuwa mbaya, reli haikuwapo, na msafiri akifika hakupata mahali pazuri pa kulala wala pa kula.

Mwaka 1863 akamwita Mfaransa mmoja, François Blanc, ambaye alikuwa amefanikiwa na kamari katika mji wa Homburg, Ujerumani. Bwana huyu alielewa kitu ambacho waliomtangulia hawakukielewa: mcheza kamari ni mtu, na mtu hula, hulala, tena hupenda kuonekana. Basi pamoja na kuitengeneza nyumba ya kamari, alijenga hoteli kubwa kando yake, Hôtel de Paris, iliyofunguliwa mwaka 1864. Mahali hapo pakapewa jina la Monte Carlo mwaka 1866, na mwaka 1868 reli ikafika. Abiria alishuka garini, akaenda hotelini, akaoga, akavaa, akala, na akivuka kiwanja tu yumo ndani ya kasino.

Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu. Kiongozi wa kikundi achore duara ubaoni. Katika kasino lipo gurudumu liitwalo ruleti. Lina vyumba vidogo 37: kimoja cha sifuri, na vingine vyenye namba kuanzia 1 mpaka 36. Kijipira huzungushwa, nacho huanguka katika chumba kimoja. Ukiweka shilingi 100 juu ya namba yako na namba hiyo ikatoka, unarudishiwa shilingi 100 zako na kuongezwa shilingi 3,500.

Yasikika ni faida kubwa. Lakini mtu mmoja mjanja na aseme, “Mimi sitakosa, nitaweka shilingi 100 juu ya kila namba, zote 37.” Atatoa shilingi ngapi? Shilingi 3,700. Namba moja lazima itoke, naye atapokea 3,500 pamoja na 100 zake, jumla 3,600. Amekosa shilingi 100, ingawa ameshinda! Shilingi 100 hizo ni za mwenye kasino. Gurudumu halina uchawi wala wizi. Mwenye nyumba amejiwekea sehemu moja katika kila 37, naye hangojei bahati. Anangojea muda tu.

Muda, ndugu zangu. Hilo ndilo neno la kulishika, maana ndilo linaloirudisha meza ya chakula. Mchezaji akiondoka kwenda kula mji mwingine, muda umepotea. Akilala mbali, umepotea. Akichukizwa na supu ya baridi, atapanda gari la moshi la asubuhi. Kwa hiyo chakula kizuri hakikuwa ukarimu. Kilikuwa kamba ya kumfunga mgeni karibu.

Desturi hiyo iliendelea kukua hata siku zetu. Katika miji ya kamari, mchezaji mkubwa huambiwa, “Bwana, leo chakula ni juu yetu.” Hufurahi, akadhani anapendwa. Tumhesabie. Akiweka shilingi 10,000 kila gurudumu linapozunguka, na likazunguka mara 40 kwa saa moja, kwa saa 4 atakuwa ameweka jumla ya shilingi 1,600,000. Gawanyeni kwa 37. Jibu ni shilingi 43,000 na kitu, na hicho ndicho kasino hutazamia kukipata kwake, akishinda leo au asishinde. Basi wakimlisha chakula cha shilingi 15,000, bado wanabaki na 28,000. Nani amelipa? Ni yule yule mgeni, ila amelipa katika chumba cha pili, akiwa ameshiba.

Monaco yenyewe iliielewa hesabu hii vizuri. Wenyeji wa nchi hiyo wamekatazwa kucheza katika kasino yao. Na mwaka 1869 mtawala akawafutia kodi, kwa kuwa fedha za wageni zilimtosha. Aliyetega mtego aliwaambia watoto wake wasiusogelee.

Sasa na tuketi mezani tuone kinacholetwa. Tuseme ni mwaka 1884, majira ya baridi huko Ulaya kaskazini, na matajiri wamekimbilia jua la Monte Carlo. Mwaka huo aliletwa mpishi mmoja katika Grand Hôtel ya hapo, jina lake Auguste Escoffier. Huyu alizaliwa mwaka 1846, akaingia jikoni akiwa na miaka 13 katika mkahawa wa mjomba wake. Aliyemwita ni Mswisi aitwaye César Ritz, mtoto wa mkulima, aliyeanza kazi kwa kuwahudumia wengine mezani. Hawa wawili ndio waliotengeneza chakula cha hotelini kama kijulikanavyo mpaka leo, na wote wawili hawakuzaliwa matajiri.

Mgeni huanza na kitu kidogo cha kuamsha njaa. Kisha supu, nyepesi na safi hata waona sakafu ya sahani. Kisha samaki na rojo lake, kisha nyama. Katikati ya nyama mbili huletwa barafu yenye maji ya ndimu ili kuosha ulimi. Kisha ndege wa kuchoma, mboga, vitu vitamu, matunda na kahawa. Kila chakula na mvinyo wake. Saa mbili au tatu hupita. Mtu wa Kishapu akitazama sahani moja moja atasema, “Ni kidogo hivi?” Ni kweli, ni kidogo. Lakini zikiwa nane au tisa, hakuna anayeondoka na njaa.

Nyuma ya mlango wa jikoni mambo yalikuwa mengine. Jiko la zamani lilikuwa kelele, moshi, joto la makaa na matusi, na wapishi wengi walikunywa pombe sana kwa sababu ya kiu. Escoffier aliwahi kuwapikia askari katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, naye akalipanga jiko kama kikosi. Mmoja mkubwa juu ya wote, chini yake wakuu wa sehemu: huyu wa rojo, huyu wa samaki, huyu wa kuchoma, huyu wa mboga, huyu wa vitu vitamu. Sahani moja ikapita mikono mingi, kila mkono ukifanya sehemu yake. Alikataza matusi na pombe, akawawekea wapishi wake kinywaji cha shayiri. Naona hilo kuwa tendo jema kuliko vyakula vyake vyote.

Mwaka 1890 Ritz na Escoffier walikuwa London katika hoteli ya Savoy. Kabla ya siku hizo mwanamke wa heshima wa London hakuzoea kula chakula cha jioni mahali pa watu wote. Hawa wawili wakapafanya mahali hapo pawe pa heshima, wanawake wakaja, tena wakaja na vito vyao. Ritz alitazama sana taa. Yasemekana alimketisha mkewe akajaribu vivuli vya taa vya rangi mbalimbali, mpaka akapata vilivyompendeza uso. Taa laini, kitambaa cheupe, almasi shingoni. Mambo yao hayakuwa safi yote: mwaka 1898 Savoy iliwafukuza wote wawili, ikidai wamepokea fedha za siri kwa wauza vyakula. Lakini mwaka huo huo Ritz alifungua hoteli Paris yenye jina lake, na matajiri wakamfuata.

Almasi hizo zilitoka wapi? Mwadui ilikuwa haijagunduliwa. Zilitoka hasa Afrika Kusini, ambako almasi ilionekana mwaka 1867, na Kimberley ikawa mji wa migodi tangu mwaka 1871. Huko wachimbaji Waafrika waliwekwa ndani ya kambi zilizozungushiwa ua. Kwa miezi yote ya mkataba walikula na kulala humo, wakapekuliwa miili yao wasije wakatoka na jiwe. Basi jiwe moja liliziona meza mbili. Ya kwanza ilikuwa sufuria ya unga ndani ya ua wa kambi, na ya pili ilikuwa na sahani tisa chini ya taa za Bwana Ritz.

Tuvuke bahari tena, twende Marekani, katika jangwa la jimbo la Nevada. Mji wa Las Vegas ulianza mwaka 1905, viwanja vilipouzwa kwa mnada kando ya reli. Nchi yake ni kavu kuliko Kishapu, na hiyo si sifa ndogo. Mwaka 1931 Nevada iliruhusu kamari kwa sheria. Mwaka 1941 ikajengwa hoteli ya kamari ya kwanza katika barabara itokayo mjini kuelekea Los Angeles, na baada ya vita zikafuata nyingine nyingi.

Wamarekani hawa walibadilisha kamba ya Monte Carlo. Badala ya sahani tisa kwa saa tatu, wakaandika meza ndefu yenye kila chakula, mtu ajipakulie atakavyo kwa bei ndogo, tena hata usiku wa manane. Kwa nini? Chakula cha haraka humrudisha mtu upesi kwenye mchezo. Yaani desturi ya Kirusi ilitupwa, na meza ikarudi kuwa kama ile ya kale, vyote pamoja. Hoteli ilikubali hasara kwenye chakula, kwani faida ilikuwa hatua chache mbele.

Lakini meza hiyo iliyosema “kila kitu kwa kila mtu” haikuwa ya kila mtu. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu weusi hawakuruhusiwa kula, kulala wala kucheza katika hoteli kubwa za barabara ile. Waliruhusiwa kupika, kufagia, kuosha sahani. Hata waimbaji mashuhuri weusi, kama Nat King Cole na Sammy Davis, waliimba jukwaani, watu wakapiga makofi, kisha wakatoka kwenda kulala upande wa magharibi wa mji, ambako watu weusi walitengwa. Mwaka 1955 ilifunguliwa huko hoteli ya Moulin Rouge, iliyopokea rangi zote katika meza moja. Ilijaa watu, lakini haikumaliza mwaka huo kabla ya kufungwa. Kisha mwezi wa Machi mwaka 1960 viongozi wa watu weusi walitangaza kwamba wataandamana barabarani kama ubaguzi hautaondolewa. Wenye hoteli walipiga hesabu yao, wakaona picha za maandamano zitawafukuza wageni. Wakakubaliana katika jengo lile lile la Moulin Rouge, na milango ikafunguliwa.

Msidhani mambo hayo yalikuwa Marekani peke yake. Miaka hiyo hiyo hapa Tanganyika shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na utaratibu huo uliondolewa baada ya uhuru, mwaka 1962. Wazee mlio darasani, wale mliokuwa watoto siku zile, waelezeni vijana wenu jinsi ilivyokuwa. Nipunguze sauti hapo, ninyi mzungumze.

Wapishi na wahudumu wa Las Vegas nao walijifunza kuuliza swali letu la ubaoni. Chama chao kilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1991 wafanyakazi wa hoteli moja, Frontier, waligoma, na mgomo ukaendelea miaka zaidi ya sita, mchana na usiku, katika joto la jangwa, mpaka mwaka 1998 waliposhinda chini ya mwajiri mpya. Na siku hizi miongoni mwa wanaofanya kazi katika mji huo wamo watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa Wahabeshi. Wako wanaoendesha teksi, wako walio ndani ya kasino.

Katika miaka ya 1990 chakula cha Las Vegas kiligeuka mara nyingine. Wapishi wenye sifa waliitwa kufungua mikahawa. Wolfgang Puck alikuja mwaka 1992, na Mfaransa Joël Robuchon mwaka 2005. Sahani ndogo ndogo zikarudi, na bei ikawa dola mia kadhaa kwa mlaji mmoja, mvinyo haujahesabiwa. Mgeni hulipia sasa chakula kama kitu cha kuhadithia akirudi kwao. Hoteli kubwa za mji huo leo hupata fedha nyingi zaidi kwa vyumba, vyakula na michezo ya jukwaani kuliko kwa kamari yenyewe. Kamba ya zamani imekuwa bidhaa. Kwa wingi wa fedha za kamari, mji wa Macao huko China uliipita Las Vegas mwaka 2006, na huko nako wapishi wa Ufaransa wamefuata.

Turudi nyumbani sasa. Tanzania ilitunga sheria ya michezo ya kubahatisha mwaka 2003, na ipo Bodi ya kuisimamia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kasino zenye meza za ruleti ziko katika miji mikubwa, lakini mashine za kutumbukiza sarafu mmeziona hata madukani. Hizo hazitoi supu wala barafu ya ndimu. Hata hivyo hesabu yake ni ndugu ya ile ya gurudumu: mwenye mashine amejiwekea sehemu yake, naye anangojea muda. Na mchimbaji wa Geita aliyepata mawe mazuri, akaingia mjini akaagizia baa nzima, naye amejifanyia karamu yake ya Monte Carlo. Simsuti. Mtu aliyekaa miezi shimoni ana haki ya kuketi kwenye kiti kizuri, aletewe sahani, aitwe bwana. Nimeona wengine wanawasimanga, nami sikubaliani nao. Nataka tu naye ajue kusoma hesabu inayoletwa baada ya sahani.

Imebaki habari moja, nayo ni ya Mwadui. Mwaka 2021 jiwe jingine la rangi ya waridi, lenye karati 32 na kidogo, lilitoka mgodini hapo likauzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8. Wanunuzi walilikata, likabaki karati 11.15. Tarehe 7 Oktoba mwaka 2022 likanadiwa Hong Kong, mwendo mfupi wa bahari kutoka Macao, na bei ikafika dola milioni 57.7. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Novemba mwaka 2022, bwawa la tope la mgodi lilipasuka, na tope likaingia katika nyumba na mashamba ya jirani. Wengine wenu mlikuwapo, mwaweza kuieleza siku hiyo kuliko mimi.

Kiongozi wa kikundi aandike ubaoni namba hizo mbili, 57.7 juu na 13.8 chini, na kila mwanafunzi atoe katika daftari lake mwenyewe. Kisha wawili wawili zungumzeni: tofauti hiyo ilipatikana katika mji gani, kwa kazi ya mikono gani, na nani aliyeila? Andikeni jibu lenu kwa mistari mitano, kwa maneno yenu. Msiandike lililosemwa na redio. Mwalimu wa darasa atayakusanya, na juma lijalo, saa hii hii, nitasoma baadhi yake. Kwaherini.